Niliyemfundisha Vibaya Ananiomba Msamaha

Ndugu msimamizi wa ukurasa, naomba unisitiri, maana mji wetu ni mdogo na watu hujuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tisa, nina mke na mabinti wanne, naishi Kasese, Uganda. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi huko Bwera. Kompyuta nilijifunza nikiwa mtu mzima, na sasa naandika programu katika ofisi ndogo inayozitengenezea zahanati programu za kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mnivumilie nikieleza sana. Ualimu haujanitoka.

Kwanza mjue jambo moja. Kwetu Wakonzo, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, huko Kongo upande wa Beni na Butembo, nao wana utaratibu kama huo; Biira wetu kwao ni Kavira. Kwa hiyo majina ni machache na watu ni wengi.

Kabla ya kuajiriwa hapa, nilikuwa nikiwafundisha vijana wa Bwera kompyuta bila malipo, kila Jumamosi. Mmoja alikuwa binti kutoka Karambi, nitamwita Ithungu, mwepesi wa kuelewa kuliko wote. Niliwaambia kwamba kompyuta huweka habari za kila mtu chini ya kitambulisho fulani, kama kopo lenye kibandiko, na kwamba kibandiko rahisi ni jina. Mfano wangu ulikuwa mabinti zangu wanne. Ukiandika Kabugho, habari za Kabugho zinatokea. Mfano huo haukuwahi kunigomea hata siku moja. Ungegomaje? Katika nyumba moja majina hayo hayarudiwi.

Nilichokuwa sikijui wakati huo, ambacho mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anapaswa kukijua, ni kwamba ukileta mtu wa pili mwenye kibandiko kilekile, kompyuta haiulizi. Inafuta habari za wa kwanza na kuweka za wa pili. Ndiyo maana kila mtu lazima apewe namba yake peke yake. Shuleni niliandika kwenye rejista Biira A na Biira B kwa mkono wangu miaka yote ile, na sikuwaza kwamba mashine haitafanya hivyo yenyewe.

Ithungu alisoma hadi chuo, digrii ya biashara, na kompyuta akabaki na yale ya Jumamosi, kisha nikamwombea kazi ofisini kwetu. Akaandika programu ya zahanati moja karibu na mpaka. Kibandiko alichotumia ni jina.

Mwezi uliopita alifika pale mke wa mfanyabiashara Mkongo, ana homa. Siku za nyuma alikuwa amewaambia kwamba kuna sindano inayomdhuru, na wakaandika. Lakini baadaye alikuja mama mwingine mwenye jina lilelile, na habari zake zikafuta onyo hilo. Muuguzi akatazama kompyuta, hakuona kitu, akamchoma sindano ileile. Mama wa watu akavimba uso, pumzi ikambana. Tunamshukuru Mungu, baada ya siku mbili alipona.

Mimi na mkurugenzi wa ofisi yetu tulikwenda pale zahanati kuomba radhi. Mume wa yule mama alitungojea mlangoni.

"Munasema kompyuta inamujua bibi yangu? Kavira beko mingi! Uite Kavira mu soko, bamama kumi banageuka. Hata mutoto anajua ile!"

Muuguzi mmoja alicheka, akajiziba mdomo.  Mimi hapo hapo nililiona kosa la somo langu la Jumamosi.

Tuliporudi, mkurugenzi akaniambia, "Mzee, wewe ndiye mkubwa wetu. Umuulize huyu msichana maswali ya msingi, uniletee ripoti Ijumaa. Kama hajui kitu, aende kwao." Akamwita Ithungu, akakaa kando kusikiliza.

Nikauliza, "Kwa nini ulitumia jina?"

"Ndivyo ninavyojua, Mwalimu."

Mkurugenzi akaguna. "Na digrii yote hiyo! Nani alikufundisha hivyo?"

Ithungu akanitazama, kisha akainamisha kichwa. "Hakuna mtu, bosi. Nilijisomea peke yangu."

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilikohoa nikaandika: amejisomea peke yake.

Mke wangu nimemweleza yote. Amesema, "Nyamaza, Baba Masika. Huyo ni kijana, kazi atapata. Wewe na magoti hayo, nani atakuchukua?" Simlaumu, Mbambu wetu bado yuko shuleni. Lakini wanafunzi wangu wengine wako kazini, mmoja mjini Hima, mmoja kwenye hoteli huko Mweya, na bila shaka wanaandika vilevile nilivyowafundisha. Nikinyamaza, nao wataendelea hivyo.

Jana mchana nilimpigia Ithungu simu nimuulize kwa nini hakunitaja. Nilikuwa tayari kwa lawama, hata matusi. Akasema:

"Mwalimu, unisamehe. Najua wewe ulitufundisha vizuri, ni mimi sikushika. Sikutaka bosi aseme wanafunzi wako ni wajinga. Jumamosi niko na nafasi. Unaweza kunifundisha tena pale niliposahau?"

Nikasema, "Njoo, mwanangu." 

Leo ni Jumatano, na ripoti iko mbele yangu. Nikiandika kwamba hajui, nitakuwa nimeandika kweli, na atafukuzwa. Nikiandika nani alimfundisha hivyo, nitaondoka mimi, na waliokuwa wakiniita Mwalimu sijui wataniitaje. Ndugu zangu mnaosoma hapa, wakubwa kwa wadogo, msinihurumie kwa sababu ya umri. Niambieni, Ijumaa niandike nini? Na Jumamosi, binti huyo akishaketi mbele yangu na daftari lake, nianzie wapi?