Dirisha la Shumaisi

Mwenzangu, juzi niliingia chumba changu cha Riyadh nikiwa hapa hapa Nairobi. Mjukuu wangu ni msanii wa sanamu. Anafinyanga nyumba za watu wanaolazwa pabaya, na watu wazima wenye tai wanasimama kuzitazama wakiwa kimya. Najivuna, sifichi. Safari hii alijenga chumba kizima cha udongo, cha kuingia mtu, akasema ni changu: kitanda, ndoo, na dirisha pana. Dirisha lile ni uongo wangu.

Enzi zile mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa wakizoa wanawake mtaani kama sukumawiki. Binti yangu alikuwa amefariki, kaniachia mjukuu huyu, mtoto wa miaka saba. Nikamwacha kwa dada yangu, nikaenda.

Nyumba niliyofanyia kazi Shumaisi, mtaa wa Riyadh, ilikuwa na vyumba tisa. Mimi nililala stoo, kando ya mashine ya kufulia, kati ya magunia ya mchele na madumu ya sabuni. Mpaka leo nikinusa jiki ya kufulia, mgongo unauma. Asubuhi niliijua kwa mwanga wa chini ya mlango. Madam, mwenye nyumba, hakuwa shetani. Alinipa tende, alinipa wali wenye nyama. Lakini nilipoomba chumba cha juu kilichokaa bure, alisema, "Mafi, hakuna. Hicho cha wageni." Wageni wenyewe sikuwaona hata siku moja.

Ijumaa, nikianika kanzu juu ya paa, nilimpigia mtoto simu.

"Shosho, chumba chako kina dirisha?"

"Kubwa! Naona mitende. Naona mpaka paka."

"Paka wa huko ni wanono?"

"Kukushinda wewe, kijiti!"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Dada yangu aliniambia mtoto akimaliza kuongea alikimbilia mtoni kuchota udongo, akakifinyanga chumba changu. Kila Ijumaa alitaka kitu kipya, nami nikamwongezea: leo pazia, kesho kiti. Kafili, mwajiri aliyenidhamini, akanihamishia kwa dadake Jeddah, mtaa wa Safa. Huko nililala chini ya ngazi, na dirisha langu nikahama nalo.

Sasa nilikuwa mbele ya mjukuu wangu, msichana mrefu mwenye udongo mpaka viwikoni.

"Mama," nikamwambia, "hakukuwa na dirisha."

"Riyadh ama Jeddah?"

"Kote."

"Watu wanakuja kukitazama kesho, shosho."

"Ndiyo maana nasema leo."

Hakubisha. Alileta beseni la udongo mbichi. Nilipokuwa msichana tulikandika nyumba kwa viganja, wanawake wa kijiji kizima, tope mpaka masikioni, tukimcheka aliyepiga ukuta vibaya. Siku hizi ni mabati na mawe, hakuna anayemwita jirani kukandika. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mikono haijasahau. Nikaingia ndani, nikaanza kuliziba lile dirisha kutoka chini.

Nilifanya kazi ile nikilia, sikatai. Miaka minne Uarabuni, mahali pazuri pekee nilipoishi ni kile kichumba alichokifinyanga mtoto mtoni, na sasa nilikuwa nakifunga kwa mkono wangu.

Likabaki tundu la ngumi moja. Mjukuu wangu akachungulia kutoka nje, jicho moja tu, lile lile la utotoni.

"Shosho, unaona mitende?"

"Naona," nikasema, nikabandika donge la mwisho.