Alama ya Hina

Fundi wa kompyuta wa pale Shangani haanzi kazi kabla ya kunusa. Huvua viatu mlangoni, huinama nyuma ya mashine, akanusa, akaguna, kisha huchomoa waya mmoja mmoja, akaupuliza na kuurudisha. Siku hiyo mashine ilikuwa ikinguruma vizuri, lakini kioo cheusi tii.

"Kimezima ghafla?" aliuliza.

"Ghafla," alijibu Shemsa, karani, mikono kaificha ndani ya buibui.

"Na barua zangu zatakiwa leo!" alifoka mkuu wake, Bwana Hisham.

Vidole vyembamba vya fundi vikashuka mpaka kwenye kidude cha kupunguza mwanga wa kioo. Kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, na juu yake pana alama ya kidole, ya hina mbichi. Shemsa akazidi kuificha mikono. Fundi akatoa kitambaa chake, akaifuta taratibu.

"Maradhi makubwa haya, Bwana. Isiguswe mpaka Jumatatu."

Bwana Hisham akatoka akisonya. Fundi akavaa viatu, akamgeukia Shemsa.

"Hiyo harusi ya kesho," alinong'ona, "mniwekee ukoko wa pilau."