Mfunga Mizigo Apanda Uluguru

Kila alfajiri Haruna hutoka Magomeni kwa miguu, akashuka Jangwani, akapanda upande wa pili, akaingia Kariakoo kabla makufuli ya maduka hayajaanza kulia. Mwaka wa thelathini na sita huu. Kazi yake ni kufunga mizigo. Mwenye duka akipata oda ya mkoani, bidhaa huletwa kwenye kibaraza cha Haruna. Yeye huzipanga, huzikandamiza kwa goti, huzishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kisha huzipiga kamba mpaka zinakuwa robota moja gumu kama gogo. Robota hilo litarushwa juu ya lori, litakanyagwa, litanyeshewa. Likifika huko linakokwenda na kufunguliwa, hakuna kikombe chenye ufa.

Maji alifundishwa na Jangwani. Mwaka mmoja mafuriko yalimpokonya mkokoteni na marobota mawili, akabaki ameshika kipande cha kamba. Tangu siku hiyo kila mzigo wake huuvika nailoni mbili, ya ndani mdomo juu, ya nje mdomo chini. Wenzake walimcheka. Mvua za mwaka uliofuata ziliwanyamazisha.

Shule hakwenda hata siku moja. Mwenye kujua kalamu alikuwa mkewe, Badria, aliyeuza chai na vitumbua pale pale kibarazani. Lakini Badria naye hakuandika jina la mtu wala la mji juu ya robota. Kariakoo jina la mji likionekana leo, kesho kuna mtu ameshapanda basi kumfuata mteja wako. Kila mmoja analificha chimbo lake la wateja kama anavyoficha ugonjwa. Basi Badria alichukua brashi na rangi nyekundu, akawa anapaka alama. Huyu kitana, huyu birika, yule ndoana. Alikuwa mfupi, akisimama juu ya jiwe ili mkono ufike. Alama ipi inakwenda mji upi walijua watu watatu tu: mwenye mzigo, Badria na Haruna. Dereva alitajiwa mji na mwenye mzigo akiwa tayari njiani.

"Kamba ikilegea utaifunga upya," Badria alikuwa akisema. "Mdomo ukilegea haufungiki."

Badria alikuwa na miezi mitano kaburini. Haruna alikuwa akipaka alama mwenyewe, mistari ikitoka kombokombo. Jiwe alilipita kwa pembeni, hakulikanyaga.

Na kibaraza nacho kilikuwa kinakwenda. Nyumba ile ya zamani ilikuwa imeuzwa, mwisho wa mwezi inavunjwa, linapanda ghorofa. Mfunga mizigo asiye na pa kuwekea mzigo hana tofauti na mpita njia. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mtaa mzima ulimpa pole, basi.

Hapo ndipo alipokuja Evelyn.

Evelyn ni binti wa Kasmir, Mchaga wa duka la jumla ambaye Haruna amemfungia mizigo tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Binti aliacha kukaa kaunta, akaanzisha kazi yake: kuwatoa wafanyabiashara mjini siku tatu, kuwapandisha milimani, walale kwenye mahema, wachoke pamoja, wajuane. Vijana wanaita kutafuta koneksheni. Baba yake alikuwa hajamwelewa.

"Watu wafunge duka wakapande mlima wa watu?" Kasmir alisema, akigeukia Haruna. "Sisi mlima tunao kwetu, na mimi sijaupanda."

"Shikamoo Mzee Haruna," Evelyn akasema, akimpuuza baba yake.

"Marahaba mwanangu."

"Safari iliyopita mvua ilituingilia. Nguo zililowa, magodoro yalilowa, hata kiberiti. Watu walirudi wamenuna, hawasemeshani. Ijumaa tunaenda Uluguru, watu kumi na wawili. Nataka unifungie mizigo. Na nataka uende nayo, maana ikifunguliwa kule nani ataifunga tena?"

Haruna akamtazama. Miaka yote ile mizigo yake ilikwenda Bukoba, ikaenda Tunduma, ikaenda Tandahimba. Yeye hakuwahi kufuata hata mmoja.

"Nitakuja," akasema.

Alifunga marobota kumi na manne. Yalipokwisha akashika brashi, akakwama. Safari haikuwa na alama, na mtoa alama hakuwapo. Alikaa na brashi mpaka rangi ikaanza kukauka. Mwishowe akapaka kiatu.

"Mzee, huyo samaki mbona hana macho?" akauliza kijana mmoja wakati wanapakia kosta.

"Kiatu hicho."

Aliyeuliza alikuwa Allen, muuza vifaa vya simu, mdomo wake haulali. Wengine Haruna aliwajua kwa mizigo yao kuliko kwa sura. Kulikuwa na Rachel, mama wa vitenge, alama yake kitana. Kulikuwa na Ghanim, Mwarabu wa masufuria na vyombo, alama yake birika. Maduka ya Rachel na Ghanim yanatazamana. Kila asubuhi wanasalimiana kuvuka barabara, na miaka yote hiyo hawajawahi kuambiana zaidi ya "biashara ngumu".

Siku ya kwanza Uluguru ilikuwa jua na migomba na mbavu kuuma. Wapagazi wa Kiluguru walijitwika marobota, wakayatikisa kichwani, wakatazamana.

"Nani kafunga?" mmoja akauliza.

Wakaonyeshwa. Yule mpagazi akampa Haruna mkono wa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko. Haruna alipokea. Mtu mwenye kazi ya kamba alimtambua mwenzake, na hilo lilimkaa kifuani njia nzima.

Jioni Evelyn aliwaweka duara. "Kila mtu aseme kitu kimoja kuhusu biashara yake ambacho sisi hatukijui."

"Mimi nauza vitenge," akasema Rachel.

"Mimi nauza vyombo," akasema Ghanim.

"Hilo tunalijua, Ghanim!"

"Na mifuniko yake."

Wakacheka, wakaenda kulala. Watu kumi na wawili walikuwa wametoka mpaka mlimani, na kila mmoja alikuja amefunga mdomo kwa fundo. Evelyn alibaki ameinama, akichokonoa ardhi kwa kijiti. Haruna alimwona.

Kesho yake, mwinuko ukiwa umekaza na ukungu umeshuka, Allen alijirudisha nyuma mpaka akawa sambamba na Haruna.

"Mzee wangu, kibaraza kinavunjwa, sivyo?"

"Ndivyo."

"Jengo la baba limekwisha. Chini kuna kona, kivuli kipo, lori linafika mlangoni. Nakupa. Sitaki hata shilingi." Akashusha sauti. "Nataka kitu kimoja tu. Marobota ya mama Rachel, yale ya kitana. Yanashuka wapi? Nataka kuingia vitenge."

Haruna alikaza hatua. Aliendelea kupanda. Na asidanganywe mtu, aliifikiria ile kona. Aliyafikiria magoti yake, aliwafikiria wafunga mizigo wenzake waliokosa pa kukaa, ambao leo wanaomba vibarua kwa watoto wao. Ilikuwa neno moja. Jina la mji lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, dogo, halina uzito wowote.

Moyoni akasikia, kama zamani, mkono wa Badria ukigonga kopo la rangi, ka, ka, kumwaga tone la ziada.

"Mvua inakuja," akasema.

"Mzee, nimekuuliza..."

"Nimesikia. Mvua inakuja."

Ikaja kweli, ya kumwagwa kwa ndoo. Walikimbilia uwanda mdogo, Haruna akalitungua turubai kichwani kwa mpagazi, akalifunga kwenye miti minne upesi kuliko mtu kuvua koti. Wakajibana chini yake, maji yakimwagika pande zote. Evelyn alikuwa amekunja uso akiyaangalia marobota.

"Fungua moja, Mzee. Tujue tumepona au tumekufa."

Haruna akafungua. Nailoni ya kwanza, nailoni ya pili. Akatoa blanketi, kavu. Akatoa sukari, kavu. Akatoa kiberiti, akakipiga mara moja, kikawaka.

Wakapiga makofi. Ghanim alipiga mluzi. Chai ikachemka, watu wakapata rangi usoni, na Evelyn akasema, "Haya, na Mzee Haruna naye ajitambulishe. Kitu tusichokijua."

"Naitwa Haruna. Nafunga mizigo."  Kisha akamgeukia Allen, kwa upole, kama anayerudisha kikombe. "Mwanangu, ile kona yako ni nzuri. Mpe mwingine."

Rachel akageuka. 

"Kona gani?" akauliza Rachel.

"Yetu sisi wawili," akasema Haruna.

Lakini Rachel ni mwanamke wa Kariakoo. Alimtazama Allen, akaitazama kona ya mdomo wake, akajua. "Allen. Umemuuliza nini mzee?"

Allen akajikuna kisogo. "Nilimuuliza kitana kinashuka wapi."

"Naye akakwambia nini?"

"Akaniambia mvua inakuja."

Turubai zima likaangua kicheko. Mwenyewe Allen alicheka, masikio yakimwaka. Rachel hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Miaka kumi na tisa amenifungia. Mume wangu aliyeko nyumbani hajui mzigo wangu unaenda wapi. Mzee anajua. Na juzi nimesikia kibaraza kinavunjwa, nikasema pole, nikarudi dukani kwangu kukaa." Akavuta pumzi. "Basi nitasema mwenyewe, maana tukimsubiri yeye aseme tutazikwa. Vitenge vyangu vinaenda Kasulu."

Ghanim alitema chai pembeni. "Kasulu?"

"Kasulu. Nasubiri lori lijae, wiki mbili, wiki tatu."

"Kasulu kwa nani?"

"Kwa mama mmoja, Euphrasia. Ana duka karibu na stendi."

"Euphrasia mwenye pengo? Anayecheka huku akipunguza bei?"

"Huyo huyo! Wewe unamjulia wapi?"

"Namuuzia vyombo, dada Rachel! Miaka tisa! Mimi pia nasubiri lori lijae!" Ghanim alisimama, kichwa kikagonga turubai, maji yakammwagikia Allen. "Tunatazamana kila siku, wewe unasubiri nusu lori, mimi nasubiri nusu lori!"

Wote wakamgeukia Haruna. Alikuwa anakunja nailoni.

"Mzee," akasema Ghanim. "Ulijua?"

"Nilifunga."

"Miaka tisa ulijua birika na kitana vinaingia mlango mmoja?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungeniambia?"

"Nisingekwambia."

Ghanim alimtazama mzee yule aliyelowa mgongo ili blanketi za watu zisilowe. Akaketi polepole. "Wallahi," akasema, "ningekuwa na benki ningekukabidhi mlango."

Baada ya hapo fundo lilifunguka. Mmoja alitaja Mpanda, mwingine Ifakara, mwingine akataja wakala wake wa forodhani. Waliuliza, walibishana, walichoreana ramani kwenye matope. Mvua ilikatika wasijue. Evelyn alikuwa akiandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya Allen. Haruna hakutaja hata mji mmoja. Kila jina lililotajwa alilijua, na kila lilipotajwa aliitikia moyoni kama mtu anayesikia wanawe wakiitwa shuleni.

Kileleni walifika kesho yake saa nne. Ukungu ulipasuka kidogo, Morogoro ikaonekana chini kama vyombo vilivyoanikwa. Evelyn alimpigia baba yake simu, akampa Haruna.

"Uko wapi, Haruna?" sauti ya Kasmir.

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Ya mlima. Mwanao ana kazi, Kasmir. Usimcheke."

Kasmir akaguna, akasema, "Nimesikia." Evelyn akageuza uso, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mwisho wa mwezi tingatinga lilikuja Kariakoo. Siku tatu kabla yake, Ghanim alikuwa amekwisha kuitoa nafasi ya mbele ya stoo yake ya Mchafukoge, jirani tu, iwe kibaraza, na Rachel alikuwa ameezeka bati. Hawakumwomba Haruna chochote. Walimwambia tu kwamba mzigo wa Kasulu sasa ni mmoja, lori moja, kila Jumanne.

Haruna alihama kwa mkokoteni. Alipakia kamba, shazia, nailoni, kopo la rangi. Juu ya vyote alipakia jiwe.

"Mzee, Mchafukoge hakuna mawe?" wachukuzi wa mtaani wakamtania.

"Yapo. Siyo hili."

Aliliweka mahali pake, karibu na ukuta. Jumanne ya kwanza alifunga robota la Kasulu, kubwa kuliko yote aliyowahi kufunga. Lilikuwa refu, mkono haukufika. Akalitazama jiwe. Kisha akavua kandambili, akapanda juu ya jiwe la Badria, akapaka birika, na ubavuni mwake akapaka kitana. Mistari ilinyooka.

Aliposhuka alimkuta Allen amesimama na boksi tano. Kijana alimwamkia kwa adabu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mzee, huu wangu. Wa kwanza wa mkoani."

"Lete."

"Unaenda..." Allen akainama, akamnong'oneza sikioni. Akanyooka. "Tafadhali, asijue mtu."

Haruna akachovya brashi, akaligonga kopo, ka, ka. Akapaka kichwa, akapaka kilemba chekundu, akapaka mkia.

"Mbona jogoo?" Allen akauliza.

"Naye mdomo wake haulali. Mke wangu angekupa huyo huyo," akasema Haruna, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita akacheka. "Haya, nenda. Unaziba njia."