Vikombe vya Wenyewe

Harufu ya kuni zilizolowa katika chumba hiki cha kupanga mjini Maua imenirudisha Kibirichia, kwenye ua wa nyanya yangu utotoni, baada ya mvua. Juu ya vijiti vilivyokauka palikuwa pameota uyoga wa umbo la vikombe, vidogo kama punje za mtama, vimejaa maji.

"Wacheni hivyo vikombe!" nyanya alitukemea. "Ni vya wenyewe, wale tulizika."

Dada yangu wa miaka minne alikuwa amekwisha kulamba kijiti kizima. Alipewa jina la marehemu mama yake nyanya, kwa hiyo nyanya alizoea kumtania, "Mama, kuja ule."

"Mama, umekunywa?" nyanya aliuliza, machozi yakimtoka.

Dada alimpangusa shavu polepole.

"Usilie, mwanangu. Nilikuwa na kiu sana."

Tangu siku hiyo nyanya hakumwita mama tena.