Kidole Jivuni

Mzee, mchungaji mkuu wa kulungu wetu wa nchi ya theluji, haamini moto uliozimwa na mtu mwingine. Kila tukihama kambi hupiga goti, huchomeka kidole jivuni, hutulia. “Kikiungua, hujauzima, umeulaza tu,” humwambia Chektan, mkwewe. Chektan humjibu, “Baba, iko siku ukucha huo utageuka mkaa,” nasi hucheka. Kiangazi kilichopita, meko ya mwisho mzee aliyazima mwenyewe, mbiombio, bila kuchomeka kidole, kulungu wetu wakiwa wameshatangulia. Moto ukajificha kwenye mboji, ukatambaa chini ya misonobari, ukala malisho meupe yanayofunika ardhi ya bonde zima kama sufu, na hayo huchukua umri wa mtu kuota tena. Leo kulungu wamerudi palepale kwa mazoea. Walikwangua theluji, wakanusa weusi wa ardhi iliyoungua, wakamtazama yeye. Hakuwapigia mluzi wa kuwahamisha kama siku zote. Aliwasukuma mmoja mmoja kwa kiganja, taratibu, kama anayeomba njia. Chektan hakumtania, na hilo ndilo lililomwinamisha zaidi. Tulipozima moto wa chai, mzee alipiga goti, akanyoosha kidole, kisha akakirudisha ndani ya glavu. “Mkwe,” alisema bila kuinua macho, “hebu pima wewe.”