Jina Langu na Taini

Siku hiyo Mikumi tulikuwa watano uani: mimi, mwanangu wa mwisho, mkewe, mama mzazi wa mkewe, yaani mkwe mwenzangu, na mtoto wao wa miaka miwili, mjukuu wangu aliyepewa jina langu. Jirani, dereva wa watalii, alikuja baadaye, naye mumhesabu. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya babu zao, lakini mwanangu kasema yasiandikwe, basi.

Huyo mtoto alizaliwa njiti. Mvua ilikuwa imekata barabara, mimi nimekwama kwangu Magomeni ya Kilosa, na mkwe mwenzangu ndiye aliyepokezana na binti yake kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akapata uzito. Namshukuru. Lakini wivu nilimwonea tangu hapo. Nilijituliza kwa jambo moja: mtoto ni somo yangu. Kila akiitwa yeye, nami nimeitwa.

Sasa nafika Mikumi, nasikia kila mtu: "Taini, njoo! Taini, acha kula mchanga!" Jina langu halitajwi hata kwa bahati mbaya.

Nikaliita mwenyewe. Mtoto hakugeuka. Nikaita tena, kwa sauti ya shambani. Yeye anachimba tu. Mkwe mwenzangu akasema taratibu, "Taini," mtoto akamkimbilia, akamkumbatia magoti.

"Hilo neno umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Wodini, mwenzangu. Nesi alikuwa akilisema kila akimpima. Kizungu hicho."

"Maana yake?"

"Kadogo. Lakini kale kadogo ka kushika hivi," akabana vidole kama anachukua chumvi.

Dereva alikuwa ameingia kuomba maji, akadakia: "Shikamoo bibi. Wageni wangu wanalisema sana hilo. Wakiona mtoto wa swala, taini, machozi yanawalenga. Wakioneshwa chumba cha kulala, taini, wananuna."

"Marahaba. Na la huyu ni la swala au la chumba?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamgeukia mke wa mwanangu: "Jina langu lina nini, mwanangu? Linanuka?"

Akapiga magoti palepale, mwiko wa ugali mkononi. "Mama, nitaanzaje? Akijikojolea niseme, we fulani, mkojo tena? Akikataa uji nimfinye huku nakutaja wewe? Jina la mama mkwe silitamki hata nikiwa peke yangu jikoni."

Mimi mwenyewe nilimzika mama mkwe wangu bila kuwahi kulitamka jina lake. Ila nilikuwa nimesahau kwamba nami ni mama mkwe wa mtu.

Basi nikakaa chini mchangani, na goti langu hili bovu, nikamwambia mtoto: "Somo ni somo. Wewe Taini, na mimi Taini. Mimi nani?"

Akanitazama sana. "Taini," akasema, akanipa konzi ya mchanga.

"Taini gani wa kilo zote hizo!" mwanangu akasema.

Mkwe mwenzangu alicheka pamoja nao, kisha akaacha. "Jina nimelileta mimi," akasema, "sasa mnagawana ninyi wawili. Mimi nabaki na nini?"

Nilimsikia vizuri sana. Nilimwita somo yangu tena, akaja, nikampakata mpaka chakula kikaiva, nikajiona nimepata.

Tulipomaliza kula mtoto akajikwaa kwenye kizingiti. Tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, mimi na mkwe mwenzangu, bega kwa bega. Akanyanyuka analia, akaja mbio, akajitupa kifuani kwa yule.

Mliokuwapo, kama nimekosea mahali nisahihisheni. Hata hapo pa kujikwaa: kama alinikimbilia mimi, macho yangu ndiyo yaliyoona vibaya, tafadhali niambieni.