Kisamvu cha Aija

Mwaka uliofuata kifo cha mama, kazini walinihamisha kutoka mji wa Ibra kwenda Sur, pwani ya Oman. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu kupima damu, na damu hupimwa kila mahali, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Kilichonisumbua ni baba. Kaka yangu anaishi Nizwa na mkewe na watoto wake. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani, na sasa baba angekaa peke yake katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu.

Nilipomwambia alinijibu, "Nenda, mama. Mimi si mtoto."

Baba huniita mama, kama wazee wa Tabora wanavyowaita binti zao. Yeye na mama walizaliwa huko, wakaja Oman wakiwa vijana wameshaoana. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili cha bara na tulikula vya bara: ugali, maharage, kisamvu cha karanga ambacho mama alikitwanga mwenyewe kwenye kinu alichosafiri nacho. Baba hakuwahi kupika hata chai. Mama alipofariki akawa mtu wa mkate, tende na samaki wa kopo. Nikimpikia alisema ahsante, akaonja mara mbili, akasogeza sahani pembeni kwa adabu, kama mgeni.

Sur nilipanga nyumba ndogo mtaa wa Aija, ng'ambo ya daraja. Hatua chache kutoka mlangoni kwangu palikuwa na mkahawa ambao kwa nje ungedhani ni duka la vinyozi. Wenyewe walikuwa mke na mume. Mke ni mtu wa Padang, Indonesia. Mume ni mtu wa Sur, zamani baharia wa meli za mizigo, na katika safari hizo ndipo alipompata. Mke alipika, mume alikaa mbele na kuwakaribisha watu kwa sauti ndogo kama anayewaambia siri. Waliokula pale ni wauguzi, mafundi wa kiwanda cha gesi, na wasichana wa kazi za nyumbani siku zao za mapumziko.

Siku ya kwanza niliingia kwa sababu ya uchovu tu. Nilikaa nyuma ya pazia, upande wa familia, nikaletewa bakuli la soto: supu ya kuku ya rangi ya manjano, yenye mchaichai na tangawizi, tambi nyembamba kama nywele, nusu ya yai la kuchemsha, na ndimu ya kukamulia juu. Nilikula mpaka nikainamisha bakuli. Yule mama alipokuja kuchukua vyombo aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaenda kuniletea jingine bila kuniuliza. La pili hakuliandika kwenye hesabu.

"Umekula kama mtu aliyetoka msibani," aliniambia. Kiarabu chake kilikuwa kile cha Sur kabisa, ila herufi nzito alizilainisha.

Nikamwambia kuwa kweli nimetoka msibani, ingawa ni wa mwaka jana. Akavuta kiti akakaa. Tangu siku hiyo nikawa nakula kwake karibu kila jioni, na kila Alhamisi nikienda Ibra nilimchukulia baba chakula.

Baba hakukitaka. Soto alisema ni ya wagonjwa. Wali wa kukaanga alisema umeshaliwa na mtu mwingine ndipo ukachanganywa. Rendang, ile nyama inayopikwa na tui na viungo mpaka mchuzi wote ukauke na nyama iwe nyeusi, aliigeuza kwa ncha ya uma, akasema, "Hii imeungua."

"Haikuungua, baba. Ndivyo inavyopikwa. Inakaa jikoni asubuhi nzima."

"Basi wameisahau."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Sijui alichekea nini, lakini nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu, kwa hiyo wiki iliyofuata nikamletea tena.

Kisha ikaja siku moja ya Jumatano. Nilikaa nyuma ya pazia langu, mama wa Padang akaniwekea sahani ya wali, kipande cha samaki, na kando yake majani ya kijani kibichi ndani ya tui la nazi. Nilitia kijiko kimoja mdomoni nikakiacha kijiko kwenye sahani. Nilimwita.

"Haya ni majani ya nini?"

Jina la Kiarabu hakulijua. Akanieleza kwa mikono: mti mwembamba, urefu huu, majani kama vidole vya mtu, chini ya udongo kuna mzizi, unaumenya, ndani mweupe, unauchemsha.

"Muhogo," nilisema kwa Kiswahili.

"Kwetu tunakula tangu watoto," alisema. "Haya yamekuja ya barafu, kutoka Maskati. Si kila mara yanapatikana."

Nikamwomba yote yaliyobaki. Alikwangua sufuria, akanijazia chombo, na usoni alionyesha kufurahi ingawa hakuelewa ni kwa nini mimi nafuta macho.

Kesho yake Ibra sikumwambia baba kitu. Nilipasha, nikaweka mezani pamoja na ugali niliousonga mwenyewe. Alifunua, akanusa, akanawa mikono. Alikula tonge baada ya tonge, na mimi nilijifanya nashughulika na simu. Alipomaliza alisafisha sahani kwa kidole.

"Hawakutwanga," alisema. "Wameyakata tu."

"Ndivyo wanavyopika kwao."

"Na karanga hawakutia. Nipeleke nikamwone huyo mpishi."

Jumamosi tulishuka Sur pamoja. Nilipofungua buti ya gari pale Aija ili nitoe begi langu, nilikuta kinu cha mama kimelazwa ndani, kimefunikwa shuka, na mchi wake kando. Baba alikuwa amekipakia mwenyewe asubuhi, na mgongo wake ule unaouma.

Mume alitupokea, baba akajieleza kwa heshima zote kwamba amekuja kwa habari ya majani. Mama wa Padang alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Ammi," alisema, kwa maana ndivyo mtu huku anavyomwita mzee anayemheshimu, "sisi hatutwangi. Tunachemsha, tunakamua, tunakata."

"Nimeona," baba alisema. "Na nimekula, na ninakushukuru. Lakini jaribu mara moja kwa njia yetu. Ikiwa mbaya, nitakula mwenyewe yote."

Pakiti moja ya majani ilikuwa imebaki. Aliyachemsha na kuyakamua. Baba alikunja mikono ya kanzu yake ya dishdasha, akakaa kwenye kigoda jikoni kwa watu, akaanza kutwanga. Baba yangu, ambaye miaka yote ya ndoa yake alipita mlangoni pa jiko kama mtu anayepita kwenye nyumba ya jirani. Mwanzoni mchi uligonga ukingo wa kinu na majani yakaruka. Nilitaka kumpokea, akakataa. Baadaye mkono ukapata mwendo wake. Mama wa Padang alikuwa na karanga zake za kukaanga, alizokuwa anasagia mchuzi wa mboga, akazitoa zote. Ziliingia pamoja na tui, kitunguu, na pilipili moja nzima ambayo baba hakuijua wala hakuikatalia.

Tulipakua. Baba alionja, na sisi watatu tukamtazama.

"Si cha mama yako," aliniambia kwa Kiswahili. Akachukua tonge la pili. "Lakini ni kisamvu." Akala sahani mbili.

Kinu alikiacha pale. Nilikuwa nampeleka Ibra jioni hiyo, na njiani nilishindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba kile kinu ni cha mama, kimetoka Tabora, iweje tukiache kwa watu.

"Nyumbani nilikuwa nakitazama tu," alisema. "Kule kitatwangiwa."

Nilikasirika mpaka karibu na Ibra, halafu hasira ikaniishia yenyewe, kwa sababu baba alikuwa ananisimulia, bila kuulizwa, jinsi mama alivyomfukuza jikoni siku ya kwanza ya ndoa yao. Hadithi ile nilikuwa sijawahi kuisikia.

Yale majani ya barafu hayakuletwa tena kwa muda mrefu. Baba alipopata habari alikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Unguja, akaomba vipande vya miti ya muhogo, akavipanda shambani kwetu, baina ya mitende na mfereji wa falaji. Vya kwanza viliangamizwa na mbuzi. Akapanda tena, safari hii akazungushia wavu. Kiangazi kilipokwisha alikuwa na majani ya kutosha kwetu na kwa Aija. Nikirudi Sur kila Jumamosi alinifungia kwenye kitambaa chenye maji, nami nikampelekea mama wa Padang. Yeye hakurudisha chombo kitupu hata mara moja. Ndani nilikuta rendang, au tempe, zile soya zilizochachushwa mpaka zikashikana, kisha zikakaangwa, au samaki wa pilipili. Baba akaanza kula vyote. Siku moja nilimsikia akimweleza kaka yangu kwenye simu kwamba ile nyama haijaungua, ni watu wasiojua ndio wanaosema hivyo.

Majira ya baridi, baba aliwaalika wale mke na mume kwetu Ibra siku ya Ijumaa. Kaka akaja na familia yake kutoka Nizwa. Mama wa Padang alifika na mifuko yake ya viungo, akaingia jikoni kwetu, akafungua kabati za mama moja moja, akiomba ruhusa kwa kila moja. Alinifundisha rendang kwenye sufuria kubwa ambayo ilikuwa haijashuka rafuni tangu msiba.

"Usiihimize," aliniambia kila nilipoongeza moto. "Ikae, ikae."

Tulikaa nayo asubuhi nzima, tukikoroga kwa zamu. Aliniambia kuwa mama yake yu hai huko kwao, na kwamba miaka ya mwanzo Sur alikuwa akila wali mkavu na chumvi kwa kuwa hakuna alichokitambua sokoni. Mumewe ndiye aliyemtafutia mchaichai wa kwanza, kwa kuuliza nyumba hadi nyumba, akaupata kwa bibi mmoja aliyerudi kutoka Zanzibar. Nilimshika mkono. Sikuwa na Kiarabu cha kumwambia nililotaka kumwambia, na Kiswahili asingekielewa, basi nikamwambia ahsante, na akasema ahsante ya nini, koroga.

Tulikula wote sinia moja kwa wanaume na jingine kwa wanawake, wali na rendang na kisamvu, na baba aliwapasulia wageni nyama kwa mkono wake.

Sasa nimerudishwa Ibra. Kila mwezi tunakwenda Aija, na wao huja kwetu siku wakifunga mkahawa. Rendang naipika mwenyewe Ijumaa ambazo watoto wa kaka wanakuja. Juzi mdogo wao aliulizwa na rafiki yake, aliyekuja naye, kile chakula ni cha wapi. Akajibu bila wasiwasi kwamba ni chakula cha Tabora, babu alikuja nacho. Nilimtazama baba ili amsahihishe. Baba alikuwa anatafuna. Akamwongezea yule rafiki kipande.